Timu ya Mkoa ni Mali ya Nani?

Mkoa wetu wa Manyara ni mkoa mchanga. Ulizaliwa mwaka 2002, ulipokatwa kutoka mkoa wa Arusha, na mji wa Babati ukawa makao yake. Miaka 22 baadaye, yaani mwaka 2024, ulipata mgeni ambaye wengi hawakumtazamia: timu ya mpira wa miguu ya Ligi Kuu ya Tanzania. Timu hiyo yaitwa Fountain Gate, na kiwanja ilichokifanya nyumba yake ni kile cha Tanzanite Kwaraa, mjini Babati, karibu na mlima Kwaraa.

Habari kama hiyo haikawii kufika Katesh, wala haikawii kupanda hadi Mbulu. Mtu wa Hanang hupanda basi kwenye barabara ya lami itokayo Singida akashuka Babati. Mtu wa Mbulu huteremka ukingo wa Bonde la Ufa kwa njia ya Dareda. Simba na Yanga, ambao wazee wetu waliwasikia redioni tu, sasa walikuja wenyewe kucheza mkoani petu. Mwezi wa Februari 2025 Simba walitoka Babati na sare ya bao 1 kwa 1, nao walikuja wakidhani watabeba ushindi.

Hii ni furaha, na hakuna ubaya mtu kuifurahia. Lakini furaha isitufumbe macho. Yafaa tujiulize swali ambalo wenzetu wa mikoa mingine wamelijibu kwa machozi: je, timu hii ni ya nani? Ni yetu, au imekuja kulala tu? Na kama imekuja kulala, tufanye nini ili iwe yetu kweli?

MAJINA MANNE KWA MIAKA MICHACHE

Ili kujibu swali hilo, na tuifuate timu hii tangu ilipotoka.

Mwanzo iliitwa DTB, nayo ilikuwa ya benki huko Dar es Salaam. Mwaka 2022 ilitoka daraja la chini ikapanda Ligi Kuu. Mara tu ilipopanda ilihamishiwa Singida, ikapewa jina jipya la Singida Big Stars, na ikawa inacheza katika kiwanja cha Liti, ambacho zamani kiliitwa Namfua. Mwanzo wake ulikuwa mzuri. Mwezi wa Januari 2023 ilifika fainali ya Kombe la Mapinduzi kule Zanzibar, ikafungwa na Mlandege mabao 2 kwa 1. Msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu iliumaliza katika nafasi ya 4, nyuma ya Yanga, Simba na Azam.

Mwaka 2023 ikaungana na wenye shule za Fountain Gate za Dodoma, na jina likageuka tena: Singida Fountain Gate. Shule hizo zilikuwa zimekwisha kujipatia sifa, maana mwezi wa Aprili mwaka uleule wasichana wa Fountain Gate walikwenda Durban, Afrika ya Kusini, wakatwaa kombe la Afrika la mpira wa shule. Timu ya wanaume nayo ikaenda katika Kombe la Shirikisho la Afrika. Iliitoa JKU ya Zanzibar, kisha ikazuiwa na Future ya Misri.

Basi, mtu angedhani ya kuwa sasa imetulia. La! Mapema mwaka 2024 ilihama Singida ikaenda Mwanza, katika kiwanja cha Kirumba. Miezi michache baadaye ikaliacha jina la Singida kabisa, ikabaki Fountain Gate tupu, na ndipo ikaja Babati.

Hesabuni, ndugu wasomaji. Tangu mwaka 2022 hadi 2024 timu moja ilikuwa na majina manne, nayo ilikaa katika miji minne: Dar es Salaam, Singida, Mwanza na Babati. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza ilipopanda Ligi Kuu alikuwa hajafika darasa la nne ilipofika kwetu.

Na hapa Babati maisha hayakuwa mepesi. Katika Ligi Kuu ya timu 16, mbili za mwisho hushuka moja kwa moja, na zile za nafasi ya 13 na ya 14 huingia katika michezo ya mtoano. Msimu wa 2024/2025 Fountain Gate ilijikuta katika mtoano huo. Ilishindwa na Prisons ya Mbeya, ikabaki na nafasi moja tu, yaani kucheza na Stand United ya Shinyanga iliyotoka daraja la chini. Iliishinda, nayo ikaokoka.

YALIYOWAPATA JIRANI ZETU

Watu wa Singida ni jirani zetu. Tunanunuliana mifugo na kuoleana nao. Yafaa kuyatazama yaliyowapata, maana mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Kabla ya Big Stars, Singida walikuwa na timu yao ya zamani, Singida United. Mwaka 2017 ilirudi Ligi Kuu, na mwaka 2018 ilifika fainali ya kombe la Shirikisho la Mpira iliyochezwa Arusha. Siku ile ilifungwa na Mtibwa Sugar mabao 3 kwa 2. Kila mtu alidhani mkoa umepata chombo cha kudumu. Lakini mwaka 2020 timu ilishuka daraja ikiwa ya mwisho kabisa.

Ikaja Big Stars, nao wakaipenda. Ikaondoka. Mara tu kiwanja cha Liti kilipopata nafasi, ikaingia timu nyingine tena, Ihefu, ambayo asili yake ni Mbarali katika mkoa wa Mbeya. Hiyo nayo mwaka 2024 ikabadilishwa jina ikawa Singida Black Stars. Basi watu wa Singida wakapata timu, lakini watu wa Mbarali wakapoteza yao. Mashabiki wa Mbarali, waliokuwa wakienda kwa miguu na baiskeli kuitazama Ihefu, waliamka siku moja wakaona kiwanja ki kimya.

Hatusemi ya kwamba kuna mtu aliyeiba. Mwenye mali ana haki ya kuihamisha mali yake. Ila hapo ndipo penye fundisho: mapenzi ya mashabiki hayakuandikwa katika hati yoyote. Mkazi alipiga makofi na kununua tiketi, hata jina la timu alimvalisha mtoto wake. Lakini siku ya kuamua, hakuwako mezani.

WENYE TIMU NI WA NAMNA NYINGI

Timu za nchi yetu hazina mwenyeji wa namna moja.

Ziko timu za wanachama. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na Simba mwaka 1936. Hiyo Simba iliitwa Sunderland hata mwaka 1971 ilipopewa jina la sasa. Coastal Union ya Tanga ilianzishwa mwaka 1948. Katika timu hizo wanachama wana kadi, wana mikutano, wana kura. Wakati mwingine hugombana hadi aibu, kama watu wa ukoo mmoja juu ya shamba la babu. Lakini ugomvi huo ndio ushuhuda wa kwamba shamba ni lao. Hakuna awezaye kuichukua Coastal Union usiku na kuipeleka Kigoma.

Ziko timu za viwanda. Mtibwa Sugar ilianzishwa mwaka 1988 na wafanyakazi wa kiwanda cha sukari cha Mtibwa, wilaya ya Mvomero, mkoa wa Morogoro. Ilikuwa bingwa wa Tanzania mwaka 1999 na tena mwaka 2000. Kagera Sugar nayo ni ya namna hiyohiyo. Timu ya kiwanda husimama imara maadamu kiwanda chasimama.

Ziko timu za majeshi, kama JKT Tanzania, Mashujaa ya Kigoma na Prisons ya Mbeya. Hizo zina nidhamu, na mchezaji wake mara nyingi huwa pia askari.

Ziko timu za halmashauri. Mbeya City ilianzishwa mwaka 2011 na halmashauri ya jiji la Mbeya. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2013, na katika msimu wake wa kwanza ikawa ya 3. Ilishuka mwaka 2023, ikarudi mwaka 2025. Iliposhuka haikuhama, ilibaki palepale Mbeya, na watu wake wakaingojea.

Tena ziko timu za mtu binafsi, kampuni au shule, kama hii iliyokuja Babati. Timu ya namna hii ina faida yake: haingojei mikutano mingi, mwenye fedha akiamua jambo linafanyika kesho. Lakini hatari yake ni hiyohiyo. Mwenye fedha akiamua kuhama, jambo linafanyika kesho.

HATA MJI MDOGO WAWEZA

Pengine mtu wa Haydom au wa Bassotu atasema: "Sisi ni wakulima na wafugaji. Mpira mkubwa ni wa miji mikubwa." Neno hili si kweli, na historia ya nchi yetu yalikanusha.

Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965, na kwa miaka mingi ubingwa ulikuwa ukizunguka Dar es Salaam. Mwaka 1975 Mseto ya Morogoro iliuchukua. Mwaka 1986 jambo kubwa zaidi likatokea: Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wa wilaya ya Rungwe, katikati ya migomba na mashamba ya chai, ilipanda ligi ya juu na mwaka uleule ikawa bingwa wa nchi nzima. Mwaka 1988 ukawa wa Coastal Union. Kule Songea, Majimaji nayo ilitwaa ubingwa wa Muungano mwaka 1985, 1986 na 1998.

Na kwa siku za karibu tutazame Namungo ya wilaya ya Ruangwa, mkoa wa Lindi. Ruangwa ni wilaya ya wakulima wa korosho na ufuta, wala si tajiri kuliko Mbulu au Hanang. Namungo ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019. Mwaka 2020 ilifika fainali ya kombe la Shirikisho la Mpira, ikafungwa na Simba mabao 2 kwa 1 kule Sumbawanga. Msimu uliofuata ilicheza Kombe la Shirikisho la Afrika ikafika katika makundi, mahali ambapo timu nyingi za majiji ya Afrika hazijawahi kufika.

Lakini tuseme na upande wa pili. Tukuyu Stars, bingwa wa 1986, leo haimo katika Ligi Kuu, nayo imebaki sifa midomoni mwa wazee. Kushinda mara moja ni jambo moja, na kudumu ni jambo lingine. Mti usio na mizizi huangushwa na upepo wa kwanza, hata kama una maua.

FUNDISHO LA WAJAPANI

Kuna nchi ya mbali iliyopambana na swali hilihili, nayo ni Japani. Zamani timu zao za mpira zilikuwa za makampuni. Wachezaji walikuwa makarani na mafundi wa kampuni, na timu ilibeba jina la kampuni. Watazamaji walikuwa wachache, kwa maana nani atamshangilia mwajiri wa mtu mwingine?

Ndipo viongozi wa mpira wakaanzisha ligi mpya ya kulipwa, ambayo mchezo wake wa kwanza ulichezwa tarehe 15 Mei 1993. Wakaweka masharti. Timu ijulikane kwa jina la mji wake, si la kampuni. Iwe na kiwanja, iwe na timu za watoto na vijana, ishirikiane na watu wa mahali pake. Kampuni yaweza kutoa fedha, lakini timu ni ya mji. Walianza na timu 10. Mwaka 2024 zilikuwa 60 katika madaraja matatu, nyingi katika miji ya mikoani. Na Japani, ambayo ilikuwa haijawahi kufika Kombe la Dunia, ilifika mwaka 1998, wala haijakosa tangu hapo.

Miongoni mwa zile 10 za kwanza ilikuwamo Kashima. Kashima ulikuwa mji mdogo wenye watu wapatao 45,000 na kiwanda cha chuma. Timu ya kiwanda ilikuwa ya daraja la pili. Wakuu wa ligi waliwaambia karibu waziwazi kwamba hawana nafasi, labda wajenge kiwanja kizuri chenye paa. Wao wakakijenga, cha watu 15,000. Walimwita Mbrazili Zico, aliyekuwa amekwisha staafu, naye akaja kuwafundisha vijana wa mji ule jinsi ya kuishi kama wachezaji. Mwaka 1993 walishinda nusu ya kwanza ya msimu wa kwanza. Hakuna timu nyingine ya Japani iliyotwaa ubingwa wa ligi ile mara nyingi kuliko Kashima. Mwaka 2016 walicheza fainali ya dunia ya vilabu na Real Madrid ya Hispania, wakafungwa 4 kwa 2 baada ya dakika za nyongeza.

Hata hivyo, Japani nako machozi yalikuwako. Katika mji wa Yokohama ilikuwako timu iliyoitwa Flügels. Mwezi wa Oktoba 1998 wenye fedha walitangaza kwamba imekwisha, itaunganishwa na jirani yake, ambaye ndiye mpinzani wake mkubwa. Mashabiki hawakuulizwa. Wachezaji waliamua kumaliza michezo iliyobaki kwa heshima. Waliendelea kushinda katika kombe la taifa, mchezo baada ya mchezo, kwa maana siku ambayo wangefungwa ndiyo siku ambayo timu ingekufa. Tarehe 1 Januari 1999 walishinda fainali, mabao 2 kwa 1. Wakalibeba kombe, na timu ikazikwa.

Mashabiki wakafanya nini? Hawakuchoma kitu, wala hawakumpiga mtu. Walichanga fedha zao, wakaanzisha timu yao wenyewe, Yokohama FC. Walianzia chini. Mwaka 2007 timu ile ilicheza katika daraja la juu kabisa. Wale walionyang'anywa timu sasa walikuwa na timu tena.

MIGUU YETU YAJULIKANA

Wilaya zetu zajulikana duniani kwa miguu, ila kwa mbio. John Stephen Akhwari wa Mbulu alikimbia mbio ndefu za Olimpiki kule Mexico mwaka 1968. Aliumia goti, akafungwa bandeji, akamaliza wa mwisho kabisa giza likiwa limekwisha ingia, kwa kuwa aliona nchi yake ilimtuma kumaliza na si kuanza tu. Mshindi wa siku ile wachache wanamkumbuka, lakini Akhwari dunia yote yamkumbuka. Gidamis Shahanga wa Hanang alipata dhahabu ya mbio ndefu za michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton mwaka 1978, na tena dhahabu ya mita 10,000 kule Brisbane mwaka 1982.

Kwa nini basi tumetoa wakimbiaji wa dunia, lakini wachezaji wa mpira wachache? Sababu moja twaiona wazi. Kijana wa mbio ahitaji moyo, pumzi na kilima cha kupanda, na kilima Mungu ametupa bure. Awezaye kuamka alfajiri aweza kujizoeza peke yake. Lakini mpira hauchezwi na mtu peke yake. Wataka vijana 11 na wengine 11 wa kushindana nao, mwamuzi anayejua sheria, kiwanja kisicho na mashimo, na mpangilio wa michezo mwaka mzima. Mbio zaweza kuwa za mtu mmoja. Mpira hauwezi kukua ila kijiji kikubali kuukuza.

Tena miguu ileile ya mbio yafaa katika mpira. Mtoto aliyezoea kupanda na kushuka milima ya Mbulu, mahali palipo juu penye hewa nyepesi, ana pumzi ambayo wa pwani hana. Kinachokosekana ni kumfundisha mguu wake kuusikia mpira angali na miaka 8 au 10, si kungoja awe na 18.

NGAZI INA VIDATO

Wengine hudhani Ligi Kuu ni mbingu isiyo na ngazi. Ngazi iko. Kwanza kuna ligi ya wilaya. Bingwa wa wilaya hupanda ligi ya mkoa. Bingwa wa mkoa huenda kukutana na mabingwa wa mikoa mingine. Anayeshinda hapo huingia katika daraja ambalo zamani liliitwa la Pili, kisha lile lililoitwa la Kwanza, ambalo sasa huitwa Championship, na ndipo Ligi Kuu. Kila mwaka ngazi hiyo husimamishwa, na timu yoyote iliyoandikishwa sawasawa ina ruhusa ya kuanza kuipanda.

Kwa hiyo watu wa Mbulu na Hanang wana kazi mbili, wala moja haiizuii nyingine.

Kazi ya kwanza ni kumpokea mgeni vizuri na kumpa kazi. Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Timu iliyohamia mkoani ipokewe kwa heshima. Lakini viongozi wetu wa mpira na wa halmashauri wana haki ya kuiuliza kwa adabu: vijana wa Manyara wangapi wamo katika timu zenu za vijana? Walimu wenu watakuja lini kufundisha katika shule za Dongobesh, Daudi na Endasak? Je, mwaweza kucheza mchezo wa kirafiki Mbulu mjini au Katesh, ili watoto wasio na nauli wawaone? Mgeni anayelima pamoja nawe hukumbuka njia ya kurudi, na akihama, shamba alilolima linabaki.

Kazi ya pili ni kupanda mbegu yetu wenyewe. Tuwe na kiwanja cha kijiji kilichopimwa, kisigeuzwe shamba wala malisho wakati wa kiangazi. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi aende kusomea ualimu wa mpira. Parokia zenye vigango vingi zifanye michezo ya vigango baada ya mavuno, mashamba yanapopumzika. Na wanachama watoe ada, hata ikiwa ndogo, kisha waone kwa macho yao ilivyotumika. Timu yenye daftari la fedha lililo wazi hudumu. Timu yenye daftari ndani ya mfuko wa mtu mmoja hufa pamoja na urafiki.

NENO KWA WAZAZI

Wazazi, mtoto apendaye mpira msimpige kwa sababu hiyo. Papa Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, alipokuwa kijana kule Wadowice, alikuwa mlinda mlango. Mtakatifu Yohane Bosco aliwavuta vijana wa mitaani kwa michezo kwanza, kisha kwa katekisimu. Hata Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho, alitumia mfano wa wakimbiao uwanjani. Mchezo humfundisha mtoto kumtii mwamuzi hata anapodhani amekosea, kumpa mwenzake pasi, na kukubali kushindwa bila kutukana.

Lakini kuna mitego mitatu, nayo tuitaje wazi.

Mtego wa kwanza ni kuacha shule. Katika watoto mia wanaoota Ligi Kuu, anayefika ni wa kuhesabu kwa kidole, na goti huvunjika kwa siku moja. Wale wasichana walioshinda Durban walikuwa wanafunzi, walibeba kombe na madaftari pamoja. Mtu akimwambia mwanao aache masomo ili acheze, huyo hamtakii mema.

Mtego wa pili ni watu wanaopita vijijini wakijiita mawakala, wakitaka fedha ili wampeleke kijana kwenye majaribio. Mzazi asiuze ng'ombe wala asitoe shilingi kabla hajaiuliza ofisi ya chama cha mpira cha wilaya au cha mkoa. Tena kijana asiondoke nyumbani na mtu ambaye familia haimjui, na karatasi yoyote ya mkataba isomwe na mtu mwenye elimu kabla ya kutiwa sahihi. Mchezaji mzuri hutafutwa na timu, naye hahitaji kununua nafasi.

Mtego wa tatu ni kamari ya mpira, ile ambayo vijana huita mikeka. Kijana huanza na shilingi mia tano, akapata elfu mbili, akajiona mwerevu. Mwisho wake huweka ada ya mdogo wake au fedha za mbegu. Kampuni ya kamari haikujengwa kwa fedha za washindi. Tena mtu aliyeweka mkeka hautazami mpira, hutazama fedha yake inavyokimbia. Furaha ya timu ya mkoa imemtoka hata kabla filimbi haijapigwa.

TUNACHOBAKI NACHO

Je, Fountain Gate itakaa Manyara miaka mingi, au itahama kama ilivyohama Singida na Mwanza? Hilo wataliamua wenye mali. Lakini kuna jambo moja ambalo liko mikononi mwetu. Siku itakapoondoka, kama itaondoka, tutabaki na nini? Tukibaki na kumbukumbu za Simba na Yanga tu, tutakuwa kama watu wa Mbarali siku ile kiwanja kilipokuwa kimya. Tukibaki na walimu waliofundishwa, viwanja vilivyosawazishwa, na watoto wanaojua kuupiga mpira kwa miguu yote miwili, basi mgeni atakuwa amelima, nasi tutavuna.

Watu wa Ruangwa walianzia wilayani, na watu wa Tukuyu vilevile. Watu wa Kashima waliambiwa haiwezekani, nao wakachukua sepetu. Katika vijiji vyetu vya Mbulu na Hanang masepetu hayakosekani. Kiangazi kinapokuja na kazi za shamba zinapopungua, mwenyekiti wa kijiji, katekista na mwalimu mkuu wakae siku moja chini ya mti, wakubaliane mahali pa kiwanja na jina la atakayetunza daftari. Huo ndio mwanzo wa timu ambayo hakuna basi litakaloibeba usiku.